Kisanduku cha Injinia Asali

Umeme ulipokatika tena asubuhi ile, mtaa mzima ulilaani kwa sauti moja, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kwenye kivuli cha ukuta akitabasamu. Wengine walisikia redio zikinyamaza na feni zikisita. Yeye alisikia biashara ikimwita kwa jina.

Jina lenyewe lilikuwa Asali, alilopewa na wenzake wa kazi kwa sababu ya ulimi wake. Uinjinia alijipa mwenyewe, siku moja mbele ya kioo akinyoa ndevu, bila mtihani wala sherehe, na tangu hapo cheo kikamkaa vizuri kuliko hata suti yake ya kijivu. Alikuwa na pikipiki yenye kikohozi, na nyuma ya pikipiki alifunga mali yake yote ya biashara: paneli ya sola, betri, na kisanduku chekundu cha bati cha kuwekea vifaa.

Paneli ilikuwa ubao uliopakwa rangi nyeusi, ukafunikwa kioo cha dirisha, na mistari myeupe akaipiga mwenyewe kwa rula. Betri ilikuwa ganda la betri chakavu ya lori, tumbo limejazwa mchanga na mdomo umezibwa kwa gundi. Hiyo betri ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa akimwambia mteja, "Inyanyue mwenyewe uone," mteja ananyanyua, mgongo unalia, na Asali anamalizia kwa upole, "Uzito haudanganyi." Mshonaji mmoja wa mtaa wa juu aliikumbatia betri ya namna hiyo kabla hata hajailipia. Masikini, alikuwa na haki, maana mchanga ule ulikuwa mzuri, umechekechwa.

Kisanduku sasa. Juu ya kifuniko Asali alikuwa amechora jua linalocheka, lenye meno. Mbele palining'inia kufuli kubwa kama ngumi, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake, chini ya shati, mchana na usiku. Ndani mlikuwa na nyundo moja na bisibisi moja za kuzugia. Chini ya hizo, kwenye soksi nene za baridi, mlikuwa na jasho. Jasho la watu wengine, tuseme ukweli, lakini yeye ndiye aliyelikusanya: advansi za mtaa wa juu, za mtaa wa chini, na za kinyozi mmoja ambaye mpaka leo anasubiri sola yake akiwa amenyoa kichwa cha mteja nusu.

Alibakiza mteja mmoja tu. Mmoja, halafu anapanda basi kwenda mji ambao hakuna anayemjua, ananunua nyumba ndogo ya wageni, basi, amestaafu. Alishaongea na mwenye nyumba. Alishachagua hata kiti atakachokalia mlangoni akipokea wageni, cha mbao, chenye mto, na kila alipokifikiria kiti kile macho yalimlegea. Huyo mteja wa mwisho ndiye aliyekuwa akimtafuta asubuhi ile, na ndipo alipoona geti lenye kibao kilichoandikwa kwa mkaa: VIFARANGA VINAUZWA.

Ndani ya geti mwanamke mnene alikuwa akikimbia na mablanketi mawili, akayafunika kwenye sanduku kubwa la mbao lenye kioo, kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Mtaani walimwita Mama Vifaranga. Sanduku lile lilikuwa mashine yake ya kutotolea mayai, na mashine ya kutotolea bila umeme ni kabati tu.

"Hodi mama! Pole na umeme."

"Pole huwa anapewa mgonjwa," mwanamke alisema bila kugeuka. "Huyu ameshakufa. Karibu. Nani mwenzangu?"

"Injinia wa jua."

"Jua nalo lina injinia?"

"Kuwaka linajua lenyewe, mama yangu. Kulishusha toka juu mpaka kwenye hayo mayai, hiyo ndiyo kazi yangu."

Mama Vifaranga akageuka. Akamtazama suti, akamtazama viatu, halafu macho yakatua kwenye kisanduku.

"Hilo jua umelichora mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Lina meno."

"Limefurahi, mama."

Alilitazama jua lile kidogo zaidi ya linavyostahili kutazamwa, kisha akamvutia mgeni kigoda. Asali akakaa, akakunja suruali magotini ili isiharibu mstari wa pasi, akaanza. Jamani, alisema! Alisema jua halileti bili. Alisema jua halikati laini mwisho wa mwezi. Alisema kuna nchi, hakutaja ipi, ambako kuku wanatagia kwenye nyumba zenye sola tu, kwingine wanakataa.

Mama akauliza maswali yote ambayo mtu mwenye akili anapaswa kumuuliza fundi wa sola kabla hajafungua pochi, na Asali akatoa majibu yote ambayo mtu mwenye akili hapaswi kuyapokea.

"Kuna mtu uliyemfungia nikamuulize?"

"Wapo tele, mama. Ila wateja wangu hawapendi kusumbuliwa, wanaangalia televisheni."

"Cheti unacho?"

Akachomoa kadi iliyotiwa plastiki, akaipitisha mbele ya macho yake kwa kasi ya nzi. Ilikuwa kadi ya uanachama wa klabu ya kuogelea, na kidole gumba cha Asali kilifunika vizuri kabisa mtu aliyekuwa akijitosa majini.

"Na dhamana?"

"Miaka ishirini na mitano."

"Muda wote huo wewe nitakupata wapi?"

"Mimi na dhamana yangu hatuachani, mama. Ukiiona, umeniona."

Mama Vifaranga akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akaelekeza kidole kwenye betri. "Na hiyo je? Nitajuaje kama ni nzima?"

Asali alikuwa akilisubiri swali hilo kama wali unavyosubiri mchuzi. "Inyanyue mwenyewe," akasema.

Mama akainama, akainyanyua, akashusha pumzi. "Lo! Mzigo huu!"

"Uzito haudanganyi."

"Kumbe," alisema Mama Vifaranga polepole. "Uzito haudanganyi. Nitalikumbuka hilo."

Wakakubaliana. Mama akaingia ndani, akatoka na bahasha, advansi ya kuanzia kazi, na Asali akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Akainuka, akaaga, akasema anakwenda kuchukua waya na atarudi kabla chai haijapoa. Mkono ukashika kisanduku.

"Hicho kiweke pale chini ya meza," alisema Mama.

"Kipi?"

"Kisanduku. Kwani wewe ulikuwa fundi wa wapi? Fundi akishika advansi, anaacha vifaa. Akirudi na kazi ikaisha, anachukua."

Asali akatazama chini ya meza. Palikuwa na mwiko wa mwashi, brashi za mpaka rangi zilizokauka, na spana kubwa ya fundi bomba.

"Huyo wa spana alikwenda kununua koki," alieleza Mama. "Ni msimu wa pili huu. Lakini spana ninayo, na karanga naipasulia."

Hapa tusimame kidogo tumwonee huruma. Ulaghai wote wa mafundi Asali aliujua. Ufundi wenyewe hakuujua hata wa siku moja. Hakuwahi kukaa kwenye kijiwe cha mafundi, hakuwahi kubeba ndoo ya zege, hakujua kwamba kila mwashi na kila seremala huacha kifaa chake akishika pesa ya mtu. Huko alikopita waliridhika na betri, yeye akaondoka na kisanduku chake akipiga mluzi. Sasa afanye nini? Akatae? Kulikuwa na mteja wa vifaranga amesimama getini, akisikiliza kwa makini kana kwamba amelipa kiingilio.

"Mama, injinia bila kisanduku chake ni kama..."

"Ni kama fundi aliyeshika advansi. Weka pale, baba."

Akaweka. Akakisukuma kwa mguu mpaka ukutani, akakitazama mara ya mwisho, akatoka na bahasha mfukoni huku moyo wake wote umebaki chini ya meza na soksi za baridi.

Usiku ule hakulala vizuri. Akimbie na bahasha? Bahasha ingemnunulia mto wa kile kiti, kiti chenyewe kingebaki kwenye kisanduku. Akaona njia ni moja: afunge sola ya uongo haraka haraka, taa iwake, achukue kisanduku, kwaheri.

Kesho yake alipanda juu ya bati na ubao wake mweusi. Akaupigilia kwa jiwe. Betri ya mchanga akaipanga vizuri ukutani, na kutoka nyuma ya kabati akachomeka waya mwembamba kwenye umeme wa kawaida wa nyumba, akaupitisha chini ya zulia mpaka kwenye mashine ya mayai. Katikati ya kazi akahitaji bisibisi. Mama Vifaranga akakileta kisanduku mwenyewe, akakiweka mbele yake, na akasimama pale pale na ufagio mkononi. Asali akageuza mgongo, akafungua kufuli, akainua kifuniko kidogo tu, akapapasa. Soksi zilikuwepo. Akachomoa bisibisi, akafunga, akapumua.

"Kumbe bisibisi ni moja tu," alisema Mama.

"Mtaalamu hahitaji nyingi."

Kazi ikaisha, bisibisi akaisahau dirishani, swichi ikabonyezwa. Mashine ikawaka! Mama akapiga kigelegele. Asali akainama kama mwanamuziki, akanyoosha mkono chini ya meza, vidole vikagusa mshikio wa kisanduku.

Umeme ukakatika.

Redio ya jirani ikanyamaza. Na mashine ya sola, inayotumia jua, jua likiwa limewaka utosini mchana kweupe, nayo ikazimika.

Mama Vifaranga akatazama mashine. Akatoka nje akatazama jua. Akarudi.

"Injinia. Jua lipo."

"Lipo, mama."

"Taa imezimika pamoja na ya jirani."

Asali hakuwahi kukosa neno maishani mwake, na hata siku ile alilipata. "Ni mgao, mama," alisema. "Hata jua siku hizi lina mgao."

Mtu mwingine angecheka, au angeita polisi. Mama Vifaranga alifikiri tu, akakubali kwa kichwa, akaanza kutoa mayai kwenye mashine.

"Sawa. Mgao nauelewa. Lakini mayai haya yamebakiza siku chache yapasuke, na yakipoa leo nimekwisha, ada ya watoto yote iko humu. Vua koti."

"Mimi?"

"Mfumo ni wako. Vua koti, lala kwenye mkeka. Mwili wa mtu una joto zuri, na wewe unaongea sana, una joto zaidi."

Akajaribu kubisha, lakini kisanduku kilikuwa chini ya meza na Mama alikuwa amekalia mlango. Basi Injinia Asali, ambaye aliwahi kumuuzia mtu kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, akalala chali kwenye mkeka, akafungwa shuka tumboni, na ndani ya shuka yakapangwa mayai, mengine yakaenda kwapani. Akaamriwa asipige chafya.

"Yageuze kidogo kidogo," Mama alielekeza akichambua mboga. "Na uyasemeshe. Yanasikia humo ndani."

Kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, akayasemesha. Akayaeleza habari za nyumba ya wageni na kile kiti. Akayaambia yeye ni injinia. Yalitulia, yakasikiliza, na hakuna hata moja lililomuuliza cheti. Kufikia jioni, umeme uliporudi, alikuwa ameanza kuyazoea, na lile la kwapa la kushoto lilipocheza kidogo alishtuka mpaka akaguna, "Taratibu, mzee."

"Sasa Injinia," alisema Mama akimfungua shuka, "huo mfumo wako una shida gani?"

"Paneli imechoka na safari. Nitaleta nyingine."

"Lete. Kisanduku hakina haraka."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Asali, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaenda kumtafuta fundi wa kweli. Akampata kijiweni, mrefu, mkavu, mtu aliyeitwa Fundi Hapana kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda. Asali akamweleza: utakuja kama msaidizi wangu, mimi nitasimama chini nikitoa amri, wewe utafunga.

"Kuna njia ya kufunga kwa bei ya chini kidogo?"

"Hapana."

"Lakini mbele ya mama utaniita bosi?"

Fundi Hapana akafikiri. "Hapana," akasema, akachukua mfuko wake wa vifaa.

Advansi ya Mama haikutosha. Asali akaona hana budi, akauza pikipiki na kikohozi chake. Alijiambia ni mtaji tu, kwamba kilicho kwenye kisanduku kitalipa pikipiki kumi, na kwa moyo huo akaingia na fundi wake kwenye duka la kwanza la vifaa vya sola.

Mwenye duka alikuwa na tabasamu ambalo Asali alilijua, kwa sababu analo moja la aina hiyo. Akawatolea betri mpya inayong'aa.

"Bei ya leo tu, bosi. Unauliza kama ni nzima? Inyanyue mwenyewe. Uzito..."

"Usimalizie!" Asali alifoka.

Fundi Hapana akatoa mita yake, akagusisha waya mbili kwenye vichwa vya betri. Mita ikasoma sifuri. Akaitikisa betri karibu na sikio, na humo ndani kitu kikamwagika taratibu, shwaaa. "Hapana," akasema.

Asali alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuijua. Masikio yalimwaka. "Huna haya?" alimwambia mwenye duka, akigonga kaunta. "Mama wa watu ana mayai! Ana ada ya watoto! Wewe unaamka asubuhi, unanawa uso, unakuja kuwauzia watu mchanga? Na hata hujauchekecha!"

"Kwani wewe ni nani?" aliuliza mwenye duka.

"Mimi ni..." Asali akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza akalikosa. Akatoka nje akilalamika njia nzima kwamba dunia imeharibika, watu hawana hofu, mtu hajui tena amwamini nani. Fundi Hapana alitembea pembeni yake akikunja waya za mita.

Duka la pili walitoa paneli nje, wakaipima juani mbele yao. Betri ikapimwa. Dhamana ikapigwa muhuri wenye anwani ya duka, na Asali mwenyewe akatoka nje kuhakikisha kuwa duka liko kweli kwenye anwani hiyo. Stakabadhi akaisoma mara mbili. Bei ilipotajwa akakaa chini kidogo, kisha akavua saa, akavua viatu, na suti ya kijivu ikaenda kwa muuza mitumba wa jirani. Akatoka amevaa ovaroli ya kuazima, imemfupia miguuni.

Walipofika kwa Mama Vifaranga, Fundi Hapana alipokea advansi yake kutoka kwa Asali, akachomoa vifaa vya kazi ya siku ile, na mfuko uliobaki akausukuma chini ya meza bila kuambiwa, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Asali akamtazama, akajisikia vibaya, hakujua kwa nini.

Wakafunga. Asali alisimama chini akitoa amri kama walivyopatana, ila kila amri ilijibiwa "hapana", ikabidi apande juu ashike paneli, achubuke vidole, aungue na bati. Mama alileta maji. "Injinia, ovaroli imekupendeza," alisema, na Asali akashindwa kujua kama anasifiwa.

Siku ya kuwasha, Fundi Hapana alibonyeza swichi, mashine ikawaka, na wote wakakaa kusubiri. Hawakusubiri sana. Redio ya jirani ikanyamaza, mtaa mzima ukalaani, feni zote zikasimama. Mashine ya Mama Vifaranga haikutikisika. Taa yake ndogo ilibaki ikiwaka juu ya mayai.

Asali akajikuta anapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, machozi yanamlengalenga, na alipogundua kwamba hakuna aliyemlipa kufanya hivyo akaona aibu, akajifuta uso. Na pale pale, ndani ya mashine, yai moja likapata ufa. Likafuata jingine. Kufikia mchana vifaranga walikuwa wamejaa, wamelowa, wamechanganyikiwa.

"Waite, baba yao," alisema Mama akicheka.

"Mimi nitawaitaje?"

Aliposema hivyo tu, vichwa vyote viligeuka. Wakakimbilia kwenye kioo upande wake, wanapiga kelele, pii pii pii. Kwa nini wasimjue? Sauti ile ndiyo iliyowasimulia nyumba ya wageni nzima wakiwa bado ndani ya ganda. Mama akatoa mmoja, akamtia kwenye mfuko wa ovaroli ya Asali. "Huyu ni wa kwapa la kushoto. Ni wako."

Asali alishukuru, lakini macho yalikuwa chini ya meza. Basi lilikuwa linaondoka alasiri. Mama akainama, akakivuta kisanduku, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Jua lenye meno lilikuwa linacheka vile vile. Kufuli lilikuwa limefungwa vile vile.

"Fungua ukague," alisema Mama Vifaranga. "Tuhakikishe vifaa vyako vyote vipo. Sitaki kesho tuanze kuulizana."

Afungue? Mbele yake, na soksi zimejaa hivyo? Mbele ya Fundi Hapana? Asali akaweka mkono kwenye mshikio, akakinyanyua. Kilikuwa kizito. Kizito kuliko hata alivyokumbuka, na moyo wake ukajaa raha.

"Haina haja, mama," alisema kwa tabasamu lake la zamani. "Uzito haudanganyi."

"Haya," alisema Mama. "Umesema mwenyewe. Na salio la kazi?"

Asali akahesabu kichwani, akaona salio ni kitu kidogo, kuwahi basi la alasiri ni kitu kikubwa, na kwa ukarimu ambao haujawahi kuonekana katika ukoo wao akasema, "Salio wanunulie hao watoto chakula." Mama akamwombea heri. Asali akatoka getini kisanduku begani, kifaranga mfukoni, akipiga mluzi.

Hakufika stendi. Kisanduku kilimuumiza bega, na hamu nayo ilimzidi, akakunja kona, akakaa kwenye jiwe kivulini na kuvuta ufunguo kutoka shingoni. Kufuli likafunguka vizuri. Kifuniko kikainuka.

Mchanga.

Mchanga mtupu, mpaka ukingoni. Akaingiza mikono yote miwili, akapapasa soksi, hakuna soksi. Akachukua konzi moja akautazama, akausugua kwa vidole. Ulikuwa mzuri, laini, hauna hata kijiwe. Umechekechwa. Mchanga wake! Akakigeuza kisanduku, na ndipo alipoona nyuma, kwenye bawaba, skrubu zinang'aa mahali zilipokwaruzwa na bisibisi. Alinunua kufuli kubwa kuliko yote sokoni na hakuwahi hata siku moja kuangalia nyuma ya kisanduku. Na bisibisi aliiacha dirishani mwenyewe.

Akarudi mbio mpaka kona, akachungulia. Getini kwa Mama Vifaranga palikuwa na watu. Kinyozi alikuwepo. Mzee wa mtaa wa chini alikuwepo. Mbele yao wote alisimama mshonaji wa mtaa wa juu, amebeba ganda tupu la betri, anacheka mpaka amejishika kiuno, huku Mama akifungua soksi na kumwita kila mtu achukue chake.

"Wifi, nilikwambia!" mshonaji alikuwa akisema. "Si nilikwambia jua lina meno?"

"Ulinambia, wifi yangu. Nililitambua lilipoingia tu getini."

Mama Vifaranga akainua macho, akamwona Asali kwenye kona, na ovaroli yake fupi. Akampungia mkono kwa furaha ya kweli.

"Injinia! Umesahau kitu? Kuna kitu unadai?"

Watu wote wakageuka. Asali akafungua mdomo. Aseme ameibiwa? Aseme nini kilikuwemo, na cha nani? Ulimi uliouza kiwanja cha barabarani ulizunguka kinywani ukitafuta pa kutokea, na alichofanikiwa kutoa kilikuwa neno la mtu mwingine.

"Hapana," alisema.

Akarudi kwenye jiwe lake, akakaa mbele ya kisanduku. Kifaranga kikatoka mfukoni, kikadondoka juu ya mchanga, kikaanza kuparua kwa bidii, kikitafuta punje. Hakikuona kitu. Kikainua kichwa, kikamtazama.

"Parua tu," Asali alikiambia. "Chakula kimo humo chini."

Kikamwamini. Kikaendelea kuparua, na Asali akakitazama muda mrefu, mpaka akashindwa kuvumilia, akakibeba, akaenda nacho kijiweni kumuuliza Fundi Hapana kama anahitaji msaidizi.